Deni la Jicho

Neno kuona katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa kuliko jicho. Mtu huona mti, lakini pia huona njaa, huona baridi, huona haya na huona uchungu. Neno hilo likinyambuliwa kidogo hupata nguvu nyingine: kumwonea mtu ni kumdhulumu, na kumwonea mtu huruma ni kumsikitikia. Yaelekea waliotangulia kuisema lugha hii walifahamu kuwa kuona si kazi ya jicho peke yake. Amtazamaye mwenziwe huweza kumdhulumu au kumhurumia. Lililo gumu ni kumtazama na kubaki asiyehusika. Katika zama hizi, ambazo ala za kutazamia zimefikia uwezo usioota hata kwa watu wa kale, maana hiyo ya zamani imezaa swali jipya: mtu anayeona ndani ya damu ya mwenziwe kitu ambacho mwenye damu mwenyewe hawezi kukiona, anadaiwa nini?

Swali hili si la mawinguni. Laweza kuulizwa Goba, kata iliyo juu ya vilima vya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika wilaya ya Ubungo. Palipokuwa na mashamba sasa pana nyumba, na mji unazidi kupanda vilima. Katika zahanati ya mahali kama hapo mama humfikisha mtoto mwenye homa. Kidole cha mtoto huchomwa, tone la damu hupakwa juu ya kipande cha kioo, hukaushwa, hutiwa rangi, na mtaalamu wa maabara huinamia hadubini. Kwa dakika chache mtu asiye ndugu huona ndani ya mtoto kuliko awezavyo kuona mama aliyemzaa. Siku hizi kipimo cha haraka, kisichohitaji hadubini, kimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini uhusiano wa watu hao watatu haukubadilika. Mmoja ana damu, mmoja ana uchungu, na mmoja ana jicho.

Rangi ipakwayo juu ya kioo hicho ina historia inayoigusa nchi hii. Gustav Giemsa, mkemia Mjerumani ambaye jina lake limebaki katika rangi hiyo, alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1895 hadi 1898. Njia yake ya kutia rangi aliitangaza mwaka 1904. Robert Koch naye alikuwapo Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akichunguza homa za nchi hii kwa hadubini. Kabla yao, tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona huko Constantine, katika nchi ya Algeria, vijidudu hai vikitikisika katika damu ya askari mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad, India, aliona alama za vijidudu hivyo katika tumbo la mbu. Kabla ya siku hizo mbili ugonjwa ulijulikana kwa matendo yake tu. Jina lake lenyewe, malaria, kwa Kitaliano lina maana ya hewa mbaya: wenye elimu wa Ulaya waliilaumu hewa ya mabwawa, na mshitakiwa wa kweli alikuwa akiruka masikioni mwao.

Lakini kukiona kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu ni jambo moja, na kukiona kikiingia ni jambo jingine. Aliyemkuta mwizi ndani ya nyumba hajajua bado alipitia wapi. Kwa karibu karne nzima baada ya Laveran mlango huo haukuonekana vyema. Kimelea kinachoishambulia chembe nyekundu kina urefu wa sehemu moja hivi, au moja na nusu, ya elfu ya milimita, na chembe yenyewe ina upana wa saba au nane. Tendo la kuingia kwa kawaida halizidi dakika mbili. Tena Ernst Abbe alikuwa ameonyesha mwaka 1873 kuwa hadubini ya mwanga ina mpaka: vitu viwili vilivyokaribiana kwa chini ya nusu ya urefu wa wimbi la mwanga huonekana kama kitu kimoja, hata lenzi ikitengenezwa kwa ustadi gani. Hadubini ya elektroni, iliyokuja katika karne ya ishirini, ilivuka mpaka huo, lakini ilitoza kodi yake, maana kitazamwacho hapana budi kiuawe na kukaushwa kwanza. Mwenye kutaka uhai alikosa undani, na mwenye kutaka undani alikosa uhai.

Mlango ulianza kuonekana kidogo kidogo. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wamelinasa tendo hilo katika filamu, wakitumia aina ya malaria ya nyani. Miaka michache baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha pete nyembamba mahali kimelea na chembe vinapokutana. Kisha zikabuniwa njia za kuuzunguka mpaka wa Abbe kwa kuziwasha na kuzizima molekuli zinazong'aa. Kwa ajili ya kazi hiyo Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, na wenzao walitumia hadubini za namna hiyo kupanga hatua za uvamizi kwa usahihi usiopata kuwapo, na mwaka 2021 watafiti wa mji huohuo walitangaza jinsi walivyoutazama uvamizi katika chembe hai, pande zote tatu za umbo, nukta kwa nukta, kwa ukurasa mwembamba wa mwanga usiokiunguza kitazamwacho.

Yaliyoonekana yanastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo. Kimelea kilichotoka katika mate ya mbu hukaa kwanza katika ini, kikazaliana kimya kwa muda wa wiki moja hivi, na mtu haoni homa. Kisha watoto wake hutoka kwa maelfu na kuingia katika mkondo wa damu. Kimoja hugusa chembe nyekundu mahali popote na kuivutavuta, hata utando wake ukayumba. Halafu hujigeuza mpaka ncha yake ielekee kwenye utando. Hapo protini yake iitwayo RH5 hushikana na protini ya chembe iitwayo basijini. Baada ya hayo hutokea jambo la kustaajabisha: kimelea hupenyeza katika utando wa chembe protini nyingine ambayo ni yake chenyewe, iitwayo RON2, kisha huishika kwa protini yake ya tatu, AMA1. Mwizi wa kawaida hutafuta ufunguo wa kitasa cha mwenye nyumba. Mwizi huyu huja na kitasa na ufunguo vyote viwili. Pete hufanyika, kimelea hujivuta na kupita katikati yake, na utando hukunjika ndani mpaka ukawa kifuko kinachomstiri mgeni. Chembe hujikunyata kwa muda, kisha hurudia umbo lake kana kwamba halikutokea neno. Baada ya saa 48 hivi hupasuka, vimelea kati ya 16 na 32 hutoka, na kila kimoja hutafuta nyumba yake. Kupasuka huko kwa pamoja ndiko kunakomtetemesha mgonjwa. Methali yasema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki ki karibu zaidi ya nguo.

Hapa mtu mwenye akili na huruma aweza kuinuka na kupinga. Atasema: elimu hii ni nzuri, lakini yamfaa nini mtoto wa Goba? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na karibu wote walikuwa Waafrika, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto huyo anahitaji chandarua, dawa ya kweli, mtaro unaopitisha maji, na zahanati yenye mtu kazini. Hadubini moja ya hali ya juu yaweza kugharimu zaidi ya mahitaji ya zahanati nyingi. Je, si dhambi kuzihesabu nukta za kuingia kwa kimelea wakati mtoto anakata roho kwa kukosa kilichokwisha kujulikana siku nyingi?

Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa imesimama juu ya ukweli. Kosa lake ni moja: inadhani kuwa elimu huweza kuamriwa ilete faida kabla ya kuanza safari. Mambo matatu yaliyotokea Afrika Mashariki yaonyesha kinyume chake. La kwanza ni la selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alitangaza kuwa mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Hapo ndipo watu walipofahamu kwa nini maradhi yanayoua watoto waliorithi kwa wazazi wote wawili hayakufutika katika nchi za mbu. Sifa iliyohesabiwa kuwa laana tupu ilionekana kuwa upande mmoja wa biashara ya kikatili kati ya damu na ugonjwa.

La pili ni la Kilifi, katika pwani ya Kenya. Huko wako watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo mahali pengi duniani ni adimu sana. Ilikwisha kujulikana kuwa wenye damu hiyo hawapatwi sana na malaria kali, lakini sababu yake ilikuwa haijulikani. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cambridge walitangaza jibu. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya, wakaitazama chini ya hadubini iliyonasa picha mfululizo wakati vimelea vikiishambulia. Wakaona kuwa utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi, mfano wa ngoma iliyowambwa ikakaza. Kimelea hufika, hugusa, husukuma, kisha hushindwa kuingia. Zaidi ya hayo, hata katika damu ya kawaida zimo chembe zilizokaza na zilizolegea, na zilizokaza huepuka. Hakuna aliyekuwa na haki ya kutarajia jibu hilo kabla ya kutazama.

La tatu ni la Bagamoyo, mji wa kale ulio katika pwani kaskazini ya Dar es Salaam. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza na wenzao walitangaza kuwa RH5 hushikana na basijini, na kwamba kila aina ya kimelea hicho waliyoijaribu haikuweza kuingia pasipo mshikano huo. Kutokana na ufahamu huo ikatengenezwa chanjo Oxford, na Taasisi ya Afya ya Ifakara ikaijaribu Bagamoyo kwa watu wazima, watoto na wachanga. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023, nayo yalionyesha kuwa miili yao iliitikia kwa nguvu. Mwaka 2024 yakatangazwa matokeo ya chanjo ya jamii hiyo kutoka Nanoro, Burkina Faso, ambako ilipunguza malaria kwa watoto kwa kiasi cha nusu hivi. Safari haijesha, lakini njia imefunguka, na iliyoifungua ni kazi ya wale waliokaa wakiuliza kimelea huingiaje.

Basi hoja ya kwanza imejibiwa kwa sehemu: kutazama kwa undani si anasa. Lakini katika kuijibu, hoja ya pili imefunuka, nayo ni nzito zaidi. Katika mambo yale matatu palikuwa na damu ya mtu. Ilikuwa ya nani, na ilitolewa kwa sharti gani?

Allison, ili kuthibitisha fikira yake, aliwatia vimelea vya malaria Wajaluo thelathini, watu wazima ambao yeye alieleza kuwa walijitolea. Kumi na watano walikuwa na sifa ya selimundu, na kumi na watano hawakuwa nayo. Katika kundi la kwanza wawili tu walionekana na vimelea. Katika la pili, kumi na wanne. Hesabu hiyo imo katika vitabu vingi vya elimu, na ni hesabu tukufu. Majina ya watu thelathini hayatajwi vitabuni. Mwaka 1953, katika Kenya ya kikoloni na ya hali ya hatari, neno kujitolea lilikuwa na uzito gani mbele ya daktari Mzungu? Swali hilo halimfanyi Allison kuwa mtu mbaya. Linaonyesha tu kuwa tendo la kutoa na tendo la kuchukua huweza kuwa na sura moja, na aliye karibu na hadubini si shahidi wa kutosha wa kuyatenganisha.

Mfano mwingine ni mchungu zaidi. Mwaka 1906 na 1907 Koch alikuwa katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, akichunguza malale. Hadubini ilimwonyesha kuwa dawa iitwayo atoksili hufukuza vijidudu katika damu ya wagonjwa. Vilipokuwa vikirudi, aliongeza kipimo cha dawa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Jicho moja liliendelea kuona kwa gharama ya macho mengine. Hapa ndipo maana mbili za kumwonea mtu zinapopakana, na uzi unaozitenga ni mwembamba.

Watu wa pwani hawakuhitaji mwanafalsafa kuwaeleza jambo hili. Wakati wa ukoloni uvumi wa mumiani ulienea Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko: palikuwa na watu, ilisemwa, waliokamata wapita njia usiku, wakawanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wasomi wengi waliucheka uvumi huo. Kama habari ya mambo yaliyotokea, ulikuwa uwongo. Kama hukumu ya uhusiano wa watu, haukuwa upuuzi mtupu, kwa maana ulisema kuwa damu ya mnyonge yaweza kuchukuliwa bila ya idhini yake, ikageuzwa kitu cha thamani, na thamani hiyo ikanywewa na wengine. Mtafiti wa leo anayekutana na mama anayeogopa kumtolea mwanawe damu asikimbilie kusema kuwa mama huyo hana elimu. Yumkini ana kumbukumbu.

Iko methali isemayo kuwa kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wenye kuchunguza chembe za Dantu walikuta utando uliowambwa. Lakini utafiti wenyewe pia ni ngozi inayowambwa, na mikono inayoivuta ni mingi. Yupo avutaye kwa ajili ya cheo, yupo avutaye kwa ajili ya mali, yupo avutaye kwa ajili ya kuipenda kweli. Mwenye damu kwa kawaida hana mkono katika wambo. Ndiyo sababu ngozi ikaelekea kwa wengine, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia ubaya.

Mtu aweza kujibu: aliyetoa ametoa, na zawadi haina deni. Jibu hili lina udhaifu. Mtoto wa miaka mitatu hatoi zawadi, mzazi humtolea. Mgonjwa aliyekuja kutafuta dawa hatoi kwa moyo mweupe kama mtu aliyeshiba. Lipo neno jingine katika Kiswahili linalofaa zaidi kuliko zawadi, nalo ni amana. Apewaye zawadi ni mwenye mali. Awekewaye amana ni mlinzi tu. Huruhusiwa kuishika, wala hairuhusiwi kuisahau. Aliyeiweka akifa, amana haifi. Humfuata mrithi wake. Tone la damu lililo chini ya hadubini ni amana ya namna hiyo. Haliwezi kurudishwa kama lilivyokuwa, na kwa hiyo hapana budi lirudishwe kwa sura nyingine.

Sura ya kwanza ni ridhaa ya kweli. Kuridhia usichokifahamu si kuridhia, hata dole gumba likipigwa mara kumi kwenye karatasi. Sura ya pili ni ukweli juu ya mipaka ya jicho, na hii huhitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Hadubini ina heshima kubwa mno, hata watu huamini kuwa imeona pale ambapo haikuona kitu. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za kaskazini-mashariki ya Tanzania: kati ya wagonjwa zaidi ya elfu nne waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, walioonekana na vimelea katika damu walikuwa chini ya nusu. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014: mtoto mmoja hivi tu katika kumi alikuwa na malaria, wengi walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi. Kwa miaka mingi, basi, neno malaria lilikuwa pazia. Kila homa ilifunikwa kwa jina hilo, na maradhi mengine yakapita chini yake na kuua. Macho hayana pazia, yasema methali. Lakini akili inalo, na pazia hilo mara nyingi ni lile jambo ambalo mtu alikwisha kuamua kuliona.

Kutokana na hayo, wajibu wa mwenye jicho hauishi katika kusema "nimeona." Una sehemu nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kusema "sikuona, na mtoto huyu bado ni mgonjwa, na tutafute." Wala tofauti hapa si kati ya hadubini ya Melbourne na ile ya zahanati ya Goba. Moja huona hatua za uvamizi, nyingine huona kama uvamizi umetokea au la. Zote mbili hutakiwa kuwa na uaminifu uleule. Mtaalamu aliyechoka jioni, akaandika kuwa vimelea vimo bila ya kuvihesabu, na mtafiti mashuhuri aliyeacha picha zisizoafiki fikira yake, wametenda kosa moja. Kila mmoja ameiweka tamaa yake mahali pa jicho.

Sura ya tatu ya kurudisha amana ni kumrejeshea mwenye damu kilichopatikana, dawa ikiwapo, na maarifa hata dawa isipokuwapo. Hapa deni halimwangukii daktari peke yake. Maarifa ya damu ya Kilifi na ya Bagamoyo yalitangazwa kwa Kiingereza, na si ajabu, kwani ndiyo lugha ya soko la elimu hiyo. Lakini watoto waliotoa damu hiyo wanakulia katika Kiswahili na katika lugha za jirani zake. Wakiwa wakubwa watapata wapi habari kuwa damu yao ilisaidia kufumbua fumbo? Lugha isiyoweza kueleza jinsi kimelea kinavyoingia katika chembe humwacha msemaji wake nje ya mlango wa mwili wake mwenyewe. Na Kiswahili chaweza. Wambo, kitasa, ufunguo, pete, kifuko, kupenyeza, kukunyata: maneno hayo yalikuwapo siku zote, yakingoja kuitwa kazini. Vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili vina sehemu katika deni hili. Kazi ya kutafuta neno sahihi la jambo lililoonekana katika damu ya watu si pambo la usomi, ni malipo.

Atakayeuliza kama malipo hayo yatakuwa na mwisho, ajibiwe kwamba yumkini hayatakuwa nao. Damu inaendelea kutolewa kila siku katika mamia ya zahanati, na ala za kutazamia zitazidi kuwa kali. Jicho litaona kesho kisichoonekana leo, na kwa kila linaloonekana deni litaongezeka. Jambo hilo lisimkatishe tamaa mwenye kutafuta elimu. Deni lisilokwisha si sawa na deni lisilolipwa: mtoto halimalizi deni la mama yake, wala hasamehewi kwa ajili hiyo asilipe kidogo kidogo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wenye hadubini wanatafuta dawa ya malaria, na Mwenyezi Mungu awafanikishe. Lakini wasiiache nyuma dawa hiyo nyingine, ambayo haihitaji kugunduliwa, kwa kuwa imekwisha kujulikana siku nyingi.